Shajara ya mradi: redio ya manahodha Matondoni isizimwe radi ikija

Januari, kaskazi

Chumba cha redio kiko ukingoni mwa kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, upande wa mikoko, si mbali na wanapoundia majahazi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, paa ni makuti. Nje umesimama mlingoti wa bomba la chuma lenye zinki, mita 12, na juu yake antena ya VHF, yaani masafa ya redio za boti. Ndani hamna redio kwa sasa. Ile ya wati 25 ilikufa msimu wa vuli, ikafa pamoja na chaja ya betri na kontrola ya sola.

Kijijini inasemwa chumba kilipigwa na radi. Nimekagua kila pembe na sioni dalili hiyo. Bomba halina alama ya kuungua, antena ni nzima, makuti hayakushika moto. Kilichopigwa siku ile ni mnazi, na mnazi wenyewe uko ng'ambo ya uwanja wa mpira, kama mita 100 hivi.

Nilipoifungua redio nikaona jambo lililonipa mwelekeo wa kazi yote hii. Ile njia nyembamba ya shaba kwenye bodi, inayobeba hasi kutoka soketi ya antena hadi waya wa betri, imeyeyuka na kuacha doa jeusi. Kandokando yake vipuri vingi ni vizima. Maana yake umeme haukuja kuishia ndani ya redio, ulipita tu. Uliingia kwa ganda la kebo ya antena, ule waya wa nje unaozunguka wa kati, ukatokea kwa waya wa hasi, ukaenda kwenye chaja, na kutoka hapo ukatafuta athi, yaani njia ya kuushusha umeme ardhini, ya umeme wa nyumba iliyo upande wa pili wa jengo. Mlingoti nao una athi yake, kipande cha nondo kilichopigiliwa mchangani na kufungwa waya mwembamba. Kwa hiyo palikuwa na athi mbili zisizojuana, na redio ndiyo iliyokuwa daraja baina yao.

Hesabu yake si ngumu. Kebo ya antena ikishuka upande mmoja na waya za umeme zikipita upande mwingine, baina yao kuna kitanzi kikubwa. Chukua kitanzi cha mita 10 za mraba, radi ipige mita 100 kutoka hapo, na mkondo wake uongezeke kwa kasi ya ampea 30,000 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kitanzi hicho kitazaa volti kama 600 bila waya wowote kuguswa. Redio yenyewe hutumia volti 13.8. Ongeza kwamba ardhi chini ya mnazi ule ilipanda volti kwa ghafla, na athi iliyo karibu nao ikapanda zaidi ya ile ya mbali. Hapo redio isingepona.

Nimelieleza hili kwenye kikao cha manahodha. Swali lililoulizwa lilikuwa la haki: kwa nini tusichomoe tu kebo mawingu yakionekana? Kuchomoa ni kinga nzuri kuliko zote, na kwa redio ya kusikiliza taarifa ya habari ningeshauri hivyo hivyo na kwenda zangu. Lakini chumba hiki kipo kwa ajili ya mtu aliye nje ya Shela na mashine imemzimikia, au mama mjamzito anayepelekwa Amu, yaani mji wa Lamu, usiku kwa boti. Hali ya hewa ikichafuka ndipo anapoita. Redio inayozimwa kila dhoruba inapoanza haimfai. Tumekubaliana hivyo: kazi ni kuiwezesha redio ibaki imeunganishwa, chaneli 16, ile ya dharura na ya kuitana baharini, na ipone.

Mmoja alisema pwani hatupigwi na radi kama Kisii au Kakamega. Ni kweli, huko bara magharibi radi ni nyingi mno kushinda kwetu. Ila tunazopata masika na vuli zinatosha.

Februari, mitaro

Nimeanza na ardhi kwa sababu kila kitu kingine kinaegemea hapo. Kupima nilitumia mita ya athi yenye vigingi vitatu: mmoja ni athi unayoipima, wa pili umewekwa mbali kupeleka mkondo, wa tatu katikati, kwenye asilimia kama 62 ya umbali, kusoma volti. Rodi moja ya mita 2.4 pale mlingotini ilisoma zaidi ya omu 300; omu ni kipimo cha upinzani, zikipungua ndivyo athi inavyokuwa bora. Mchanga mkavu wa juu ndivyo ulivyo. Maji ya mvua yanazama upesi, na kaskazi ikivuma miezi hakuna unyevu unaobaki karibu na uso.

Nahodha mmoja wa makamo, ambaye sote twamwita Ami, alikuwa amekaa kwenye gogo la mkoko akitazama tukichimba. Akaniuliza, "Fundi, bahari si hiyo pale? Vuta waya mmoja mpaka topeni, umemaliza."

Ni wazo la mtu mwenye akili, na kwa hitilafu ya kawaida ya umeme wa nyumba lingetosha. Nikamjibu, "Ami, topeni tutafika, lakini si kwa waya mmoja, na si kwa kuanzia huko." Nikamweleza nilichojifunza kwa miaka ya kazi hii, nami naliandika hapa kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapodanganyika na mita zao.

Waya wowote ulionyooka huupinga mkondo unaobadilika kwa ghafla. Kwa umeme wa kawaida wa mizunguko 50 kwa sekunde upinzani huo hauna maana. Kwa radi ni habari nyingine. Mkondo ukipanda kwa ampea 10,000 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kila mita moja ya waya inasimamisha volti kama 10,000 kati ya ncha zake. Tope liko mita 40 kutoka mlingotini. Radi haitasubiri kufika huko: itakapokuwa bado njiani, mguu wa mlingoti utakuwa umeshapanda volti nyingi sana na umeme utatafuta njia ya karibu zaidi, nayo ni kebo inayoingia chumbani. Mita ya athi haioni hili kwa kuwa inapima kwa mkondo wa polepole. Itasoma omu 4, fundi atafurahi, na redio itaungua.

Kwa hiyo tumechimba mitaro minne kutoka mguuni mwa mlingoti, kila mmoja mita 15, ikielekea pande nne, kina kama nusu mita. Ndani tumelaza ukanda wa shaba ulio wazi, bila plastiki, na mwanzoni mwa kila mtaro tumepigilia rodi. Mkondo ukishuka unagawanyika mara nne pale pale, na kila tawi linabeba robo. Mtaro mmoja ulikata njia ya punda wanaobeba mchanga, ikabidi tuuchimbe alfajiri na kuufukia kabla misafara haijaanza.

Baada ya matawi manne mita ilisoma omu 20. Kisha nikaurefusha ule unaoelekea mikokoni hadi topeni na kupigilia rodi mbili huko. Mita ikashuka hadi 6. Ami alipoiona 6 akacheka kwa furaha, na kila aliyekuwepo akaja kuitazama. Mimi kilichonituliza roho ni ile 20 ya mwanzo, kwa sababu ndiyo itakayofanya kazi radi ikija. Ile 6 ni kwa mambo ya kila siku.

Kuna waliotaka tumwage chumvi na mkaa mashimoni, kama inavyofanywa kwingi. Nimekataa. Chumvi inapunguza omu kwa msimu mmoja, mvua ikija inaiosha, na inachobakisha ni shaba iliyoliwa. Hapa hewa yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Februari mwishoni, viungo

Klampu ya zamani nimeihifadhi kwenye mkebe ili vijana waione. Ilikuwa ya shaba nyekundu, imebanwa moja kwa moja kwenye bomba la zinki. Upande wa shaba una kutu ya kijani, upande wa bomba umejaa unga mweupe, na ukiishika inazunguka kwa vidole. Mita ya kawaida ilisoma kana kwamba kiungo ni kizima, kwa sababu mita hiyo inapitisha mkondo kidogo mno. Shaba na zinki zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, zinki ndiyo inayoliwa, na hapa unyevu wa chumvi haukosekani hata mchana wa kaskazi.

Sasa kati ya shaba na bomba kuna kipande cha chuma cha stenlesi, bolti na nati za stenlesi, grisi, na juu yake utepe wa mpira ule unaojishika wenyewe. Viungo vilivyo chini ya ardhi vimechomelewa. Sitaki bolti yoyote mahali ambapo hakuna atakayeiona tena.

Machi, mlango mmoja

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mradi huu, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa pesa.

Tumetoboa ukuta upande wa mlingoti na kuweka bamba la shaba la sentimita 30 kwa 40. Kuanzia leo hakuna waya unaoingia chumbani ila kwa bamba hilo. Kebo ya antena inapita hapo, waya za sola zinapita hapo, umeme wa nyumba unapita hapo. Kinga zote zimefungwa juu ya bamba lenyewe, na bamba limeungwa na mguu wa mlingoti kwa ukanda mpana, mfupi, ulionyooka. Athi ya umeme wa nyumba tumeiunga na shaba hiyo hiyo ya mitaroni, sasa ni athi moja.

Chumba kizima sasa ni kama boti iliyofungwa nanga moja: bahari ikipanda, kila kilichomo kinapanda pamoja. Radi ikipiga karibu, bamba litapanda labda volti elfu kadhaa juu ya ardhi ya mbali. Haidhuru. Ganda la kebo, hasi ya betri, kasha la redio na waya wa umeme vyote vitapanda na bamba kwa wakati mmoja, na baina yao hakutakuwa na tofauti kubwa. Redio huuawa na tofauti ya volti baina ya waya mbili zinazoigusa. Ikikosekana tofauti, hakuna mkondo wa kupita ndani yake.

Kinga zenyewe ni za aina mbili. Kwenye kebo ya antena nimeweka kichupa cha gesi. Kwa kawaida kimekaa kimya, hakili mawimbi ya redio kwa kuwa uwezo wake wa kuhifadhi chaji ni mdogo sana, na volti zikipita kiwango chake gesi inawaka na kuunganisha waya wa kati na bamba. Nimechagua cha volti 230. Cha volti 90 kingetosha kwa wati 25, lakini antena ikiharibika kidogo mawimbi yanayorudi huongeza volti kwenye kebo, na sitaki kichupa kiwake nahodha anapozungumza.

Kwenye umeme wa nyumba na kwenye sola nimeweka varista, vipuri vinavyofungua njia ya kwenda kwenye bamba volti zikizidi. Hizi zinaamka haraka kuliko kichupa, ila kila mruko wa volti unazichosha kidogo, na ipo siku zitakufa. Nimenunua zenye kidirisha kinachoonyesha kijani zikiwa hai na chekundu zikifa, ili asiye fundi naye aweze kujua. Waya wa kila varista mpaka kwenye bamba hauzidi upana wa kiganja. Nimekuta kazi nyingi ambapo kinga ya bei ghali imefungwa kwa waya wa mita moja uliokunjwa vizuri kwa urembo. Mita hiyo moja inazaa volti zake yenyewe juu ya zile kinga inazozuia.

Waya wa chanya na wa hasi kutoka kwenye paneli ya sola nimezisokota pamoja kuanzia juu mpaka chini. Awali moja ilipita kushoto kwa paa na nyingine kulia, kitanzi kikubwa kilichoachwa wazi. Zikisokotwa, kitanzi kinabaki kuwa chembamba kama uzi.

Suala la simu limeleta ubishi. Vijana huchaji simu chumbani kwa waya wa upanuzi unaotoka nyumba ya jirani. Huo ni mlango wa pili, unaharibu kila kitu tulichofanya. Tumekubaliana soketi ya kuchajia iwe ndani, nyuma ya bamba, na waya wa jirani usiingie tena.

Machi mwishoni, antena

Antena ya zamani ilikuwa fimbo ya fibaglasi ambayo waya wake wa kati hauna njia ya kufika ardhini. Nimeunda mpya kwa mabomba ya shaba ya mafriji, ya umbo la herufi J: mguu mrefu kama mita 1.4, mfupi kama sentimita 46, kwa masafa ya megahezi 156.8, yaani chaneli 16. Uzuri wake kwetu ni kwamba chini miguu yote miwili imeunganishwa na mlingoti. Kwa mawimbi ya redio ni antena kamili, kwa radi ni kipande cha bomba tu. Chaji inayojikusanya upepo wa vumbi unapovuma inashuka taratibu badala ya kungoja kwenye kebo.

Ganda la kebo tumeliunga na mlingoti juu, na tena chini kabisa kabla halijageuka kuelekea ukutani. Mahali hapo pa pili ndipo penye kazi kubwa. Likiungwa juu tu, au likiungwa katikati ya bomba, kebo inaingia chumbani na volti zote za bomba lililo chini yake.

Mlingoti uko mita 3 kutoka kwenye makuti. Radi inaweza kuruka kutoka kwenye bomba kwenda kwenye chochote kilicho karibu, na makuti ya kaskazi yakipata cheche hakuna atakayewahi na ndoo. Kazi ya kuusimamisha upya walifanya mafundi wa majahazi, kwa kamba na kapi, na sikuhitaji kusema neno.

Tumejaribu na redio mpya. Boti iliyo nje ya Shela imesikika bila mkwaruzo. Kwa mlingoti wa mita 12 na antena ya boti iliyo mita 2 juu ya maji, tunategemea kama kilomita 20.

Aprili, masika

Mvua imeingia kwa nguvu. Kanuni ya mkaa-redio, yaani aliye zamu redioni, tumeibandika ukutani: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kila 3 ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, basi mkono utoke kwenye maiki. Redio inabaki imeunganishwa, spika imefunguliwa, na anayeitwa anajibiwa kwa redio ndogo ya mkononi ya wati 5 isiyounganishwa na waya wowote. Haifiki mbali kama ile kubwa, lakini aliye ndani ya mlango wa bahari anaipata, na aliye mbali zaidi angalau anasikika, na ujumbe wake unapelekwa kwa simu. Kinga zote hizi ni za redio. Mtu hana kichupa cha gesi.

Dhoruba kubwa ilikuja usiku kutoka upande wa bara. Mkaa-redio alikuwa kijana wa zamu, mimi nilikuwa barazani. Ngurumo zilifika sekunde 5, kisha 3, kisha mwanga na mlio vikaja karibu pamoja na umeme wa kijiji ukazimika. Redio ilikwaruza mara moja, ikaendelea. Saa hiyo hiyo nahodha mmoja alikuwa akiuliza kama aingie au angoje nyuma ya kisiwa cha Manda. Kijana akachukua redio ya mkononi akamwambia angoje.

Asubuhi tumekagua. Kichupa cha gesi kizima. Varista za sola kijani. Moja ya umeme wa nyumba chekundu. Mruko ulikuja kwa nyaya za nguzo, ukakutana na varista, varista ikafa, chaja nyuma yake inafanya kazi. Nimeitoa na kuweka nyingine, dakika chache kwa bisibisi. Iliyokufa nimeiweka kwenye mkebe pamoja na ile klampu.

Mei, yaliyobaki

Varista za akiba zinunuliwe mbili, si moja, maana zikikosekana Amu inabidi kuagiza Mombasa. Kamati imekubali kutoa pesa hizo kwenye ada ya mwezi.

Athi ipimwe tena kaskazi ijayo, mchanga ukiwa umekauka kabisa. Namba za sasa zimepimwa msimu mmoja tu, na sizihesabu kuwa za mwisho. Ikizidi 30 bila lile tawi la topeni, tutaongeza tawi la tano upande wa visima.

Kiungo cha stenlesi mguuni mwa mlingoti kifunguliwe mara moja kwa mwaka, kisafishwe, kipakwe grisi. Kijana wa zamu ameshakifungua na kukifunga mwenyewe mbele yangu, na ufunguo wa nati hiyo umetundikwa kwenye msumari kando ya bamba.

Manahodha wa Kipungani wameuliza kama tunaweza kuwafanyia kama hivi. Wiki ijayo naenda na mita ya athi kupima mchanga wao kabla ya kununua chochote.